Nguzo Nyembamba za Mbarouk

Mwanangu Mbarouk alirudi kutoka Nungwi na maradhi. Si homa wala si tumbo. Alikwenda kuonana na mgeni wake wa biashara kwenye hoteli moja huko, akaona nguzo. Nguzo nyeupe, ndefu, nyembamba, zimepanda kutoka chini mpaka ghorofa ya pili bila ya kupumzika njiani, na juu yake roshani imekaa kama sinia juu ya vidole vya mtu. Tangu siku hiyo hana maneno mengine.

"Mama, nnataka zangu ziwe vile vile. Mtu akiziangalia aone bahari, asione nguzo."

"Mwanangu, nguzo isiyoonekana si nguzo, ni jini."

"Mama na wewe!"

Nyumba yake ya Chukwani ilikuwa imeshafika pazuri. Kuta zimesimama, vyumba vya nyuma vishaezekwa, imebaki hiyo roshani ya mbele tu, inayotazama bahari. Na haraka ilikuwepo, maana binti yake Riyama ataolewa mwezi wa mfunguo tatu, na harusi Mbarouk kaapa haifanyiki penginepo isipokuwa Chukwani.

Mhandisi wa nyumba hiyo hakuwa mtu wa mbali. Ni Yusra, mjukuu wangu, mtoto wa marehemu dada yake Mbarouk. Nimemlea mimi hapa hapa Kiponda, tangu anaburura viatu vyangu ukumbini. Akenda Dar kusoma kazi ya kupima majumba, akarudi, akapata ofisi hapa mjini. Michoro mingi alikuwa anaifanya, lakini chini yake likiandikwa jina la mkubwa wake. Hii ya mjomba wake ndiyo ya kwanza ambayo mkubwa wake kamwambia, "Hii weka jina lako." Mtoto alirudi nyumbani siku hiyo hagusi ardhi.

Basi Ijumaa moja baada ya chakula wakakaa juu kwangu, ukumbini, mjomba na mpwa, na kompyuta katikati ya mkeka. Mimi nimekaa pembeni na uzi wangu na sindano, najifanya sipo. Kwenye kompyuta ilikuwemo nyumba yote, lakini ya mistari mitupu, kama kiunzi cha tiara kabla hakijatiwa karatasi. Yusra akiizungusha kwa kidole, inageuka. Nikaona raha kuitazama.

"Mjomba, hii programu naipa urefu wa nguzo, unene wake, zege gani, nondo ngapi, na mzigo utakaokaa juu. Halafu yenyewe inaniambia nguzo inaubeba au haiubebi. Sasa nambie, roshanini watakaa watu wangapi?"

"Mimi na mke wangu. Na meza ya kahawa."

"Basi?"

"Na paka, ukitaka."

Yusra akamtazama. "Mjomba una mabinti watatu wa kuoza. Roshani hii naihesabu kama ukumbi wa kujaa watu." Akabonyeza, akabonyeza tena. Nguzo zile mbili za mbele zikageuka rangi nyekundu kama pilipili hoho iliyoiva, na zikaanza kupinda, zikaenda upande, zikarudi, zikaenda upande, kama mtu anayesinzia kwenye hotuba.

"Audhubillahi!" Mbarouk akarudi nyuma. "Zinaanguka!"

Hapo, wallahi, kazi ilikuwa imekwisha. Mtu keshaogopa. Kilichobakia ni kunyamaza. Lakini Yusra naye ni mtoto wa kweli tupu.

"Usiogope, mjomba. Hiyo picha imekuzwa mara nyingi ili jicho lione. Kwa hakika nguzo itaanza kupinda kidogo, kama upana wa kidole hivi, lakini..."

"Imekuzwa?"

"Imekuzwa, lakini hatari yake ni..."

"Kumbe unanitisha kwa sinema!" Mbarouk akacheka mpaka kofia ikamwenda upande. Hiyo "lakini" hakuisikia tena.

Yusra hakukata tamaa. Akaondoka, akaenda jikoni, akachomoa chelewa mbili kwenye ufagio wangu wa uani. Moja akaikata fupi, akaisimamisha mkekani, akaikandamiza juu kwa kidole. Ikasimama kama askari. Ile ndefu alipoikandamiza kwa kidole kile kile, ikapinda kiunoni.

"Unaona? Chelewa ni ile ile, kidole ni kile kile. Iliyobadilika ni urefu. Nguzo ndefu nyembamba haingoji kusagika kwa uzito. Inapinda kidogo, na ikishapinda, mzigo haukai tena juu ya kichwa chake, unakaa pembeni. Ukikaa pembeni unaipindisha zaidi. Ikipinda zaidi, mzigo unazidi kwenda pembeni. Vinasukumana hivyo hivyo mpaka..." Akakandamiza, chelewa ikakatika, tap.

"Sasa dawa?"

"Dawa mbili. Ama tuishike katikati." Akachukua chelewa nyengine ndefu, akanambia, "Bibi, shika hapa kiunoni kwa vidole viwili." Nikashika, akakandamiza, isipinde. "Hiyo ni bimu, boriti ya zege inayoifunga nguzo na nyumba pale ghorofa ya kwanza. Ama, kama hutaki bimu, tuinenepeshe. Shibiri moja haitoshi. Iwe shibiri moja na nusu kila upande."

Mbarouk akasimama, akaenda dirishani, akarudi. "Bimu itaikata bahari katikati kama mwanamke aliyejifunga kibwebwe. Siitaki. Na hizo nene zitakuwa miguu ya matende. Sizitaki. Mimi nimeziona Nungwi kwa macho yangu, nyembamba, na zimesimama."

"Za Nungwi sizijui, mjomba. Labda ni za chuma ndani. Labda zimeshikwa mahali hukupaona. Mimi najua hizi."

Nikaona niingize mkono. "Kitendawili!"

"Tega," akasema Mbarouk, kwa adabu tu.

"Nyumba yangu ina nguzo moja."

"Uyoga! Ehe, umeona, Yusra? Hata bibi yako anasema. Uyoga una nguzo moja nyembamba na unasimama."

"Na wewe ulimwona nani," nikamuuliza, "kapanda juu ya uyoga akacheza ngoma?"

Yusra akainamisha uso asicheke. Lakini Mbarouk alikuwa keshachukia. Mtu mzima akichekwa na mama yake mbele ya mpwa wake, hukumbuka kuwa yeye ndiye mwenye nyumba.

"Sikiliza, Yusra. Fundi Ahmada keshasuka nondo za shibiri moja, na mbao keshafunga. Jumamosi ya wiki ijayo tunamwaga zege. Ukikubali, mchoro ni wako na jina ni lako. Ukikataa, yuko kijana pale mjini anachora bila ya kuuliza-uliza watu wataketi wangapi."

Yusra akafunga kompyuta taratibu. "Basi mpe yeye, mjomba. Mimi siweki jina langu chini ya nguzo hizo."

Mbarouk akashuka ngazi bila ya kunywa chai. Mtoto akabaki amekaa, mdomo umembana. Nilijua kilichomo moyoni mwake. Kazi ya kwanza yenye jina lake inamtoka mkononi, na mkubwa wake atauliza sababu. Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kuwa nguzo zitajengwa vile vile, kwa mkono wa mtu asiyeuliza, na siku ya harusi juu yake watapanda Riyama na shangazi zake na mimi na viatu vyangu.

"Kwa nini ulimwambia picha imekuzwa?" nikamuuliza.

"Kwa sababu imekuzwa, Bibi."

"Ungenyamaza kidogo tu. Pumzi mbili."

"Nikinyamaza leo, siku nyengine nikimwambia kweli ataniamini kwa lipi?"

Nikamuuliza jengine. "Hivyo tatizo la mjomba wako hasa ni lipi? Haelewi kupinda?"

"Kupinda kaelewa. Hawaoni watu. Anaona yeye, mkewe na kahawa."

Basi hapo ndipo taa yangu ilipowaka. Kweli, masikini, atawaona wapi? Mwanamme wa hapa kwetu anaoa, anaozesha, anazeeka, anazikwa, na hajapata kujua darini, huko ghorofani kwa wanawake, siku ya harusi kuna nini. Yeye harusi yake ni msikitini, ni halwa na kahawa barazani, ni kushikana mikono na kuulizana hali ya bei. Juu huko wanasikia vigelegele, wanasema, "Wanawake wamefurahi." Lakini kuwa wale wanawake wana miguu, na kila mguu una mtu juu yake, hilo halijampitikia mtu. Ndiyo maana Mbarouk alipoulizwa watu wa roshanini alijibu kwa moyo safi. Hakusema uongo hata kidogo. Kwake yeye sisi ni sauti.

Nikasema, mwanangu, nitakupa miguu uisikie.

Kikao cha kuchagua sare za harusi ya Riyama kilikuwa kifanyike Alkhamisi, kwa mkamwana wangu, mke wa Mbarouk. Nikampigia simu nikamwambia kihamie Kiponda. Akauliza kwa nini, nikamnong'oneza. Akacheka mpaka akanambia ngoja, nakaa chini. Halafu nikamwendea jirani yangu, Bi Time, yule ambaye akiimba yeye hakuna anayebaki kwenye kiti, nikamwambia aje na ngoma yake.

"Shoga, kikao cha sare na ngoma wapi na wapi?"

"Wewe lete tu. Na ukinitazama nikakukonyeza, piga kelele useme bwana harusi anapita njiani."

"Bwana harusi si yuko Pemba?"

"Ndiyo uzuri wake."

Kabla ya hapo, nisije nikasemwa, nilimuuliza Yusra, hivi hivi, kama mtu anayeuliza saa. "Dari langu hili linachukua watu wangapi?" Mwaka jana ndiye aliyelisimamia likabadilishwa boriti zote kuukuu, akalipima, akalifunga. Akanambia idadi. Halafu akanitazama kwa jicho la pembeni.

"Kwa nini, Bibi?"

"Mtu si ajue nyumba yake?"

Nikawaalika wachache kuliko alivyonambia. Utani ni utani, lakini dari ni dari.

Alkhamisi adhuhuri nikamwita Mbarouk aje kula. Hasira za Ijumaa zilikuwa bado zimo puani, lakini nilimwambia nimepika samaki, changu wa kupaka, na Mbarouk hajapata kumkasirikia changu wa kupaka. Nikampakulia wali wa nazi, nikampakulia tena. Akala akapumua. Nikamwambia, "Kalale chumba cha chini, mwanangu, alichokuwa akilala marehemu baba yako. Kuna feni." Chumba hicho kiko chini kabisa ya ukumbi wangu wa juu, na mlango wake unatazama ngazi. Kabla sijamaliza kukusanya sahani nikamsikia anakoroma.

Baada ya alasiri wakaanza kuja. Wanaingia mmoja mmoja, wanavua viatu chini, wanavua mabuibui kwenye ngazi wakayatundika kwenye mkono wa ngazi, wanapanda na magauni yao na nywele zao na manukato. Mpaka ukumbi ukajaa. Bado kwenye ngazi wamekaa wengine, wanajipepea na kuchagua vitambaa. Mmoja anataka zambarau, mwengine anasema zambarau inamfanya maiti. Mnajua wenyewe.

Simu yangu ikalia. Mbarouk.

"Mama." Anazungumza kwa kunong'ona. "Nimefungua mlango kidogo. Ngazini kuna nini?"

"Naam, mwanangu? Kuna sare. Wanachagua sare za Riyama."

"Leo? Hapa? Mimi nnatokaje?"

"Mlango uko wazi, baba. Mimi sijaufunga."

Na kweli haukufungwa. Ufunguo wenyewe ulikuwa ndani kwake. Lakini nani atathubutu? Angeweza kutangaziwa kuwa mwanamme anapita, wangejifunika kanga, angepita. Lakini angepita mbele ya ulimi wa Bi Time. Mbarouk ana biashara mjini na ana heshima zake. Akijua Bi Time kuwa mwenye nyumba ya Chukwani alijificha chini ya ngazi kwenye kikao cha wanawake, mji mzima utajua kabla ya magharibi, na wataongeza chumvi.

"Ntangoja," akasema.

"Ngoja, mwanangu. Wako wachache tu."

Nikarudi ukumbini. Nikakaa. Bi Time akaanza kwa mdomo, halafu kwa kiganja, halafu akaivuta ngoma. Wanawake wakasahau zambarau. Mmoja akainuka, wa pili akainuka, mikeka ikakunjwa. Mguu ukashuka, mguu ukapanda, wote kwa pamoja, maana Bi Time akipiga hakuna anayechelewa. Dari likaanza kujibu. Si kwa kulia, boriti za Yusra hazilii, lakini lilikuwa linanguruma kama tumbo lenye njaa.

Simu tena.

"Mama! Vumbi linaniangukia!"

"Ni la zamani hilo, mwanangu. La tangu babu yako. Jifunike shuka."

"Wako wangapi huko juu?"

"Si nimekwambia, wachache."

"Hawa ndio wachache?"

Nikamkonyeza Bi Time. Akaiacha ngoma katikati ya pigo, akanyanyua mikono. "Jamani! Bwana harusi huyo njiani! Bwana harusi kapita!"

Msiniulize. Waliokuwa ukumbini walikimbilia madirisha ya upande wa njiani, wote, kwa mkupuo mmoja. Waliokuwa ngazini wakapanda mbio kuwafuata. Wazee wenye magoti mabovu walikuwa wa mbele. Uzito wote wa ukoo wetu ukahama kutoka upande mmoja wa nyumba hadi upande wa pili, na chini yake kabisa, ndani ya chumba, mwanangu amelala chali anasikiliza.

"Yuko wapi?" "Simwoni!" "Kavaa nini?" "Sogea wewe, umejaa dirisha zima!"

Simu ikalia. Safari hii hakunong'ona.

"Mama! Hawa wamekwenda wapi wote kwa pamoja?"

"Dirishani, baba. Kumtazama bwana harusi."

"Kila harusi wanafanya hivi?"

"Mwanangu, hivi ni bila ya bwana harusi."

Nikasikia pumzi yake. Halafu akauliza pole pole, sauti ya mtu anayepita makaburini, "Na Chukwani... hawa wote watakuja?"

"Hawa? Hawa ni upande wetu tu. Wa upande wa bwana harusi leo sikuwaalika."

Simu ikakatika. Baadaye nilijua alikuwa akimpigia Yusra.

Yusra alifika na kompyuta kwapani na buibui limemwenda upande, kaharakishwa kazini. Akapita kati ya viatu, akapanda vidato vitatu vya ngazi, akaniona juu, akaona ngoma, akaona Bi Time anajifuta jasho. Akakunja uso. Akashuka bila ya kunisalimu, na mtoto huyu hajapata kunipita bila ya shikamoo. Nikachukua sinia la chai nikamfuata chini kwa Mbarouk, maana mtu akikosa lazima ahudumie.

Mwanangu alikuwa amekaa kitandani, kofia nyeupe kwa vumbi, ndevu nyeupe, kazeeka kwa alasiri moja. Juu walikuwa wameanza tena.

"Fungua kompyuta," akamwambia Yusra. "Waweke hawa."

"Nilishawaweka, mjomba."

"Lini?"

"Ijumaa ile. Ndio waliozifanya nguzo nyekundu."

Mbarouk akatazama dari, akatazama kompyuta. "Bi Time umemweka?"

"Programu haina Bi Time. Ina uzito kwa kila mraba wa sakafu."

"Basi mraba mmoja uandike Bi Time."

"Na Bi Time yumo, mjomba, na zaidi yake yumo. Tazama." Akaandika shibiri moja, nyekundu. Akanenepesha kidogo, nyekundu bado. Akanenepesha tena, rangi ya embe. Akaandika shibiri moja na nusu, akaongeza nondo pale panapohitaji, akangoja. Nguzo zikawa kijani kibichi, zimetulia. Mbarouk akaachia pumzi iliyopeperusha vumbi la ndevu.

Juu wakaruka. Akashtuka.

"Zidisha. Weka shibiri tatu."

"Haihitaji."

"Weka nne! Mimi ndiye niliyelala hapa, si wewe!"

"Mjomba, nguzo nayo ina uzito wake. Msingi ushamwagwa, nami niliupima kwa nguzo hizi. Ukiweka minara juu yake unaupa mzigo ambao hakuna aliyekuomba. Na hapo bahari hutaiona kabisa, utaona nguzo mbili na mwanya."

"We mtoto! Juzi nyembamba hutaki, leo nene hutaki!"

"Nataka iliyo sawa."

Alisema bila ya kupandisha sauti. Nami nilikuwa nimesimama na sinia langu mlangoni, nikaona kitu ambacho Ijumaa sikukiona. Ijumaa nilidhani mtoto anashindana na mjomba wake mkaidi. Kumbe hakuwa anashindana na mtu. Umsukume huku, umsukume kule, hapindi. Nikaona haya kidogo kwa ngoma yangu. Kidogo.

Mbarouk akachukua simu yake.

"Ahmada. Zile mbao za nguzo fungua. Nondo ulizosuka weka pembeni, zitafanya kazi nyengine. Jumamosi hatumwagi. Yusra atakuletea mchoro."

Sauti ya Fundi Ahmada ikasikika mpaka mlangoni, maana huyu anazungumza na simu kama anaita boti. "Sawa, bosi! Hata mimi nilikuwa naona nyembamba!"

"Ulikuwa unaona tangu lini?"

"Tangu sasa hivi, bosi!"

Yusra akacheka, mara ya kwanza kwa wiki nzima. Halafu akanigeukia, kicheko kikamtoka.

"Bibi. Bwana harusi yuko Pemba."

"Bi Time haoni vizuri," nikasema. "Macho."

"Ningemshinda kwa hesabu."

"Najua, mwanangu. Ungemshinda. Lakini zege ilikuwa Jumamosi."

Akachukua kikombe cha chai kwenye sinia, akaniachia mkono wake begani muda wa kupita pumzi moja, ndipo nikajua nimesamehewa, au karibu.

Magharibi ilikuwa inakaribia na Mbarouk hawezi kuikosa sala ya jamaa. Akajikung'uta, akaweka kofia sawa. "Niitieni njia," akasema, kama mtu anayepelekwa kwa kadhi.

Yusra akatoka ngazini. "Jamani jifunikeni! Mjomba anapita!"

Kanga zikapanda vichwani, ngoma ikanyamaza. Mbarouk akatoka, macho chini, anahesabu vidole vyake vya miguu. Kafika kwenye viatu, karibu anaokoka. Lakini Bi Time alikuwa ameshuka mpaka kidato cha mwisho, kajifunika kanga, jicho moja tu nje.

"Khaa! Bwana Mbarouk! Kumbe ulikuwemo! Tunasikia unajenga roshani Chukwani ya kunywea kahawa. Sisi siku ya harusi tutasimama wapi, bwana? Mchangani?"

Wanawake wakaziba vicheko kwa kanga. Ngazi nzima ikawa inatikisika mabega.

Mbarouk akasimama. Nilidhani atakimbia. Akainua uso, si kuwatazama, bali kumtafuta Yusra, aliyekuwa kasimama mlangoni na kompyuta yake kifuani.

"Roshanini," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka juu. "Mtasimama roshanini. Nyote. Na wa upande wa bwana harusi."

Vigelegele. Bi Time hakuridhika, hajapata kuridhika tangu nimjue.

"Hata nikiruka?"

Mbarouk akanyoosha mkono kumwonyesha mpwa wake, kama mtu anayempisha mkubwa wake mbele. Wanawake wote wakamgeukia Yusra, na Yusra, kwa sauti ile ile isiyopanda wala kushuka, akamwambia:

"Ruka, Bi Time."